"Inaondoa mawazo": mawazo gani?



Sikuje kuwaambia kama bangi ni nzuri ao ni mbaya. Sheria munaijua, na wazazi wameisha kusema yote. Leo niko nataka tusikilize maneno yetu wenyewe, hapa Goma.

Musukuma-chukudu anasema: "inaleta nguvu." Maibobo anayelala inje: "inafukuza baridi." Mwenye diploma bila kazi: "inaondoa mawazo." Yule aliyeingizwa mu kikundi cha silaha akingali mutoto: "inaondoa woga." Sikilizeni vizuri. Kila mumoja ametaja shida yake mbele ya kutaja bangi. Lakini sisi tunasikia bangi tu, tunacheka, tunapita. Nani ameisha kuuliza: mawazo gani?

Na mwili, wenyewe unasema nini? Moyo unapiga mbio, mudomo unakauka, njaa inakuja, dakika tano zinakuwa kama saa muzima, na jambo ulilosikia sasa hivi linakutoroka. Ile "nguvu" ni uchovu ambao hauusikii tena. Kesho mugongo utaukumbuka.

Halafu kuna neno la wakubwa. Tunabeba bidoni tupu ku barabara kuomba maji, wanatuita "wavuta bangi". Basi, imeisha. Hakuna tena swali la maji, kuna vijana waliolewa. Neno moja tu, bei rahisi kuliko kuweka robine.

Neno hilo halikuwa tusi siku zote katika inchi hii. Mu Kasai, wakati Mjerumani Hermann Wissmann alifika huko 1881, alikuta Walulua waliojiita Bena Riamba, wana wa bangi. Kuvuta pamoja kulikuwa alama ya urafiki, na salamu yao ilikuwa "moyo", maana yake uzima. Mu 1903 dola la Léopold II likaikataza kwa amri. Mumea ni ule ule. (Sisemi turudie Bena Riamba, musinielewe vibaya.)

Sasa, penye hatuna ruhusa ya kucheza na maneno. Kijana anaanza kusikia sauti, anasema watu wanamufuata, usiku halali. Warafiki wanasema "imemupanda ku kichwa, itashuka". Familia inasema "amerogwa", wanamufungia mu chumba cha maombi, mara ingine na kamba. Maneno yote mawili yanapoteza siku. Ni ugonjwa unaotunzwa, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye alianza kuvuta akiwa mudogo, ao anavuta kila siku, ao anavuta ile kali.

Hapa Goma kuna kituo cha wagonjwa wa akili cha Bafrère de la Charité. Kinaitwa Tulizo Letu. Bukavu kuna SOSAME. "Inanituliza" tunasema kila siku, na tulizo lenyewe liko na mulango hapa mujini, lakini wengi wanaona haya kuonekana pale.

Basi mukimupeleka mwenzenu, musimufunge, musimutukane njiani. Kwa munganga museme wazi: alivuta nini, tangu lini, mara ngapi kwa siku, alichanganya na pombe ao vidonge gani. Mukificha juu ya haya, munganga atatafuta mu giza.