Kuchagua Kishikio cha Kunolea Patasi na Randa

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya Nachingwea na Ruangwa)



Nimeombwa niseme machache juu ya ununuzi wa zana za useremala, nami nimechagua kifaa kilicho kidogo kuliko vyote sandukuni: kishikio cha kunolea. Ni kibano cha chuma chenye gurudumu chini yake. Patasi au kisu cha randa hubanwa humo, gurudumu likatembea juu ya jiwe, na pembe ya makali haibadiliki hata mkono ukichoka.

Fundi aliyenoa zana zake mwenyewe kwa miaka ishirini hakihitaji. Mkono wake umekwisha kuwa kipimo. Lakini zana za chama hazina mwenyewe mmoja. Leo huyu huisimamisha patasi, kesho yule huilaza, keshokutwa mwanafunzi huibembeza kama mtoto mchanga. Nimepata kuona patasi ya chama iliyokuwa na makali ya mviringo kama mgongo wa kobe, nayo haijatimiza mwaka. Theluthi ya chuma chake ilikwisha kuliwa na jiwe, na chuma hicho kilinunuliwa kwa fedha za wanachama.

Kwetu shida huzidishwa na miti yenyewe. Mninga ni mpole kwa patasi. Mpingo, ambao ukitupwa majini huzama, huvunja upesi makali membamba. Pembe ya digrii 25 yafaa mbao laini. Kwa mbao ngumu nashauri 30, na kwa mpingo hata 35. Ni nani awezaye kuitambua kwa macho tofauti ya digrii tano?

Basi tununue kipi? Aina moja hubana zana kutoka juu kwa skrubu, na gurudumu lake ni pana. Hiyo yafaa kisu cha randa, lakini patasi nyembamba hupinda humo. Aina ya pili, iliyoenea kutoka Uingereza na ambayo sasa huigwa na watengenezaji wengi kwa bei nafuu, hubana kutoka pande mbili na gurudumu lake ni jembamba. Mimi nachagua hii ya pili. Kabla ya kulipa, mbane humo patasi ya milimita 6 na kuitikisa; ikiyumba, mkiache dukani. Mzungushe na gurudumu pia, kwani likikwama litalika upande mmoja.

Katika kishikio hiki cha pili, patasi ikitokeza milimita 30 mbele ya taya hupata kama digrii 30. Ikitokeza 40, digrii 25. Kisu cha randa hukaa juu zaidi, hivyo vipimo vyake ni 38 na 50. Pigilieni mezani vibao vya vipimo hivyo, mtu asikisie. Jiwe nalo lisawazishwe, maana lenye bonde katikati huharibu kazi yote.

Tezo na patasi za mviringo za wachongaji haziingii humo. Zibaki mikononi mwa wanaozijua.

Chama kisicho na fedha kikate kipande cha mninga kwa mteremko wa digrii 30, patasi ifungwe juu yake kwa kibao na skrubu. Jiwe litaula mti huo polepole, nao utakatwa mwingine.

Kitakachonunuliwa kiandikwe katika daftari la vifaa, kitolewe na kurudishwa pamoja na jiwe. Sasa nayasubiri maswali yenu.