Kuchemsha Maji Hakuondoi Shaba

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka)



Katika harambee zetu tumezoea kuzungumzia uhaba wa maji. Leo naomba tuzungumzie maji ambayo tayari yamo kwenye dumu na kwenye tangi.

Tumelelewa kwa agizo moja: chemsha maji ya kunywa. Ni agizo sahihi, maana moto huua vijidudu. Lakini hauondoi shaba. Maji yakipungua kwa kuchemka, shaba hubaki ileile, hivyo kila kikombe huwa na shaba zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Ikizidi sana, huleta kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Shaba hiyo hutoka wapi? Kwanza, ndani ya nyumba tulizojenga nyumbani. Wengi wetu tunazifunga Januari na kuzifungua Desemba. Maji ya mvua yana tindikali kidogo. Yakilala miezi yote hiyo kwenye koki, hita au bomba la shaba, huimega taratibu. Dalili zake ni ladha ya chuma na madoa ya kijani-buluu kwenye sinki. Mkifika Krismasi, fungueni koki zote, maji yaliyolala yamwagike, ndipo mkinge ya kunywa. Maji ya hita yawe ya kuogea tu.

Pili, mrututu wa kunyunyizia kahawa na nyanya. Robo ya uzito wake ni shaba. Gramu 1 tu inatosha kufikisha lita 125, yaani zaidi kidogo ya madumu 6 ya lita 20, kwenye kikomo nilichotaja. Kwa hiyo dumu lililochanganyiwa dawa lisichotewe maji kamwe, hata likioshwa kwa sabuni. Wala pampu ya dawa isioshewe kwenye chemchemi.

Macho na ulimi havitoshi kutuambia maji ni salama. Bukoba tunayo maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Ombi langu ni kwamba sehemu ya michango ya mwaka huu ilipie upimaji wa maji ya chemchemi, shule na zahanati za vijiji vyetu, kisha tujengee chemchemi zilizo wazi. RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuhudumia maji vijijini, tuishirikishe tangu mwanzo, ili kazi isiishie mikononi mwetu.

Sisi tulio mbali tunayanywa maji hayo wiki 2 kwa mwaka. Wazazi wetu na wajukuu wanaowalea wanayanywa kila siku. Tuchange tukiwafikiria wao.