Je, Daftari la Wapiga Kura Lifunguliwe Siku ya Uchaguzi?

(Maneno tuliyowaambia waumini na wanaharakati wa Remba)



Swali lililo mbele yetu ni hili: je, raia aruhusiwe kujiandikisha kuwa mpiga kura siku ile ile ya uchaguzi? Kwingineko ni swali la wasomi. Hapa Remba linagusa riziki. Mvuvi hukaa palipo na samaki. Omena wakihama naye huhama, akaenda Ringiti au Mfangano. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 hufunga uandikishaji siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, na atakaye kuhamisha jina lake sharti aarifu Tume siku 90 kabla.

Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba taratibu za uandikishaji zimsaidie raia kupiga kura, wala zisimnyime haki hiyo. Basi twauliza: siku hizo 60 zamlinda nani?

Tuseme kweli: zamlinda mpiga kura pia. Daftari lililofungwa huweka kikomo, kwani kura zikizidi idadi ya walioandikishwa kituoni, matokeo ya kituo hicho hayahesabiwi. Tukilifungua pasipo kinga, mwenye fedha na mashua nyingi atashusha watu ufuoni alfajiri. Tena twaishi hapa na majirani kutoka Uganda na Tanzania. Ni ndugu zetu wa ziwa, lakini kura ya Kenya si yao.

Hata hivyo, hofu isigeuzwe kufuli. Huko Marekani, majimbo ya Maine, Minnesota na Wisconsin yalianza utaratibu huu katika miaka ya 1970. Sisi twapendekeza mlango ufunguliwe kwa masharti matatu.

Mosi, ajaye aonyeshe kitambulisho cha taifa, na alama za vidole vyake zichukuliwe.

Pili, kura yake itiwe katika bahasha isiyo na jina, ndani ya bahasha nyingine yenye jina, isihesabiwe mpaka ithibitike kwamba hakuandikishwa kwingine. Katiba yatoa siku 7 za kutangaza matokeo ya urais. Kazi hiyo ifanywe humo.

Tatu, kabla ya sanduku kufunguliwa, mawakala wa vyama waitie sahihi orodha ya walioongezwa, na idadi yao isomwe hadharani.

Sheria hiyo bado hatunayo, nasi tusiingoje tukiwa tumekaa. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 29 Desemba 1992, vijana wengi waliotimiza umri walibaki nje kwa kukosa vitambulisho. Daftari lingefunguliwa siku ile, wao wasingefaidika. Kwa hiyo, kila kanisa liwatafute vijana wasio na vitambulisho, liandike majina yao, liyapeleke kwa chifu. Nasi sote tuitake Tume ilete mitambo yake visiwani mapema, ili mvuvi asilazimike kulipa nauli ya mashua kwenda kuitafuta haki yake ng'ambo.