Namba ya Siri Ibaki Siri, na Iwe Rahisi Kukumbuka

Hotuba ya afisa wa TEHAMA kwa wakazi, sokoni Keroka



Hapa Keroka tumesimama mpakani. Upande huu ni Kisii, upande ule ni Nyamira. Matapeli wa simu hawajui mpaka. Humpigia mkulima wa Kiamokama na wa Kebirigo siku moja, hasa msimu wa bonasi ya majani chai, wakijua pesa zimeingia.

Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, pochi zetu zimehamia kwenye simu. Kila mara mtu akiibiwa, tunamlaumu: kwa nini ulitoa PIN? Leo sikuja kulaumu. Mama yangu mzazi alikuwa akiandika PIN yake kwenye karatasi na kuiweka nyuma ya betri ya simu. Nilipomkemea alinijibu, "Wewe ndiye uliyenichagulia namba. Mimi nitaikumbukaje?" Alikuwa na haki. Usalama ukiwa mgumu, watu hutafuta njia ya mkato, na hapo ndipo mwizi hungojea.

Kwa hiyo nawaachia mambo machache tu.

Kwanza, kila mtu achague PIN yake mwenyewe. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu uko kwenye kitambulisho. Unganisha namba mbili unazozijua wewe peke yako. Wazee wetu wasioona vizuri, pitisheni kidole kwenye simu ya vitufe: kitufe cha 5 kina kinundu. Ukikipata hicho, namba nyingine utazifikia kwa kuhesabu. Mjukuu anaweza kukusomea ujumbe, na wakala anaweza kukuelekeza, lakini PIN ibonyeze wewe mwenyewe.

Pili, anayekupigia akikuharakisha, kata simu. Huo si utovu wa adabu. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu, wa benki wala wa kaunti anayehitaji PIN yako. Akisema ametuma pesa kimakosa na anataka umrudishie, angalia salio kwanza. Kama kweli alikosea, yeye mwenyewe atume ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, kampuni ishughulikie. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333.

Tatu, linda laini yako. Tapeli akipata namba ya kitambulisho chako, anaweza kujaribu kuihamishia laini yako kwenye kadi aliyo nayo yeye. Wenye laini za Safaricom, bonyezeni *100*100#, ili laini isibadilishwe mpaka ufike dukani mwenyewe. Mtandao ukipotea ghafla kwako huku jirani anao, usingoje kesho. Azima simu upige 100.

Sasa nije kwenye saiba. Wengi wetu tulifunguliwa eCitizen na kijana wa saiba, akatumia barua pepe yake na nenosiri lake. Siku ile ilikuwa msaada mkubwa. Leo ukitaka cheti chako cha kuzaliwa au leseni, lazima umtafute yeye, na pengine alishahamia Nairobi. Nenda ukabadilishe, uweke namba ya simu na barua pepe yako. Nanyi vijana wenye saiba, mkimaliza kazi ya mteja, mtoeni kwenye akaunti yake mbele ya macho yake na mfute nakala ya kitambulisho. Mteja akiona hivyo atarudi tena.

Mwisho, mzigo huu si wa mwananchi peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayechukua taarifa zako akueleze anazitakia nini, na asichukue zaidi ya anazohitaji. Mwezi Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Bi. Immaculate Kassait, iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo inatubana hata sisi wa serikali. Ukifika kwenye ofisi yetu ukaombwa kitambulisho, una haki ya kuuliza: cha nini? Afisa akishindwa kukujibu, kosa ni letu.

Leo jioni, ukifika nyumbani, kaa na mzee mmoja. Msaidie achague PIN mpya, kisha ugeuke utazame kando anapoibonyeza.