Likizo na Kijana Wako Bila Gharama

(Mazungumzo ya ofisa wa Elimu ya Watu Wazima na wazazi waliohitimu kisomo, Tukuyu, wilaya ya Rungwe)



Shule zinakaribia kufungwa. Mtoto wako wa kidato cha pili atakuwa nyumbani wiki kadhaa. Katika madarasa yetu huwa nauliza: Kijana atafanya nini siku zote hizo? Jibu la kwanza ni lile lile kila mwaka: "Atachuma chai." La pili ni hili: "Sijui, Mwalimu. Akimaliza kazi huondoka." Huondoka kwenda wapi? Hapo watu hucheka kidogo, halafu hunyamaza.

Mimi sina ubishi na kuchuma chai. Shamba ni letu sote, na kijana anayekula ndizi za nyumbani lazima ajue mgomba unavyopaliliwa. Lakini kazi huisha saa nane au saa tisa. Ninataka tuzungumze juu ya saa zinazobaki.

Najua wengine mmeshaanza kusema moyoni, mambo ya likizo ni ya watu wenye pesa. Wao ndio wanaopeleka watoto Matema kuogelea, au Ruaha kutazama tembo. Sisi tutapata wapi nauli? Basi, ninayotaka kusema leo hayahitaji nauli, isipokuwa safari moja tu, nayo mnaweza kuiacha.

Kwanza tukumbuke jambo moja la hapa kwetu. Zamani Mnyakyusa hakuwa na shida hii. Mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake. Alijenga kibanda pamoja na wenzake wa rika lake, pembeni mwa kijiji. Walichunga ng'ombe wa baba zao pamoja, na kula walikula kwa zamu, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Huko ndiko walikojifunza adabu, kwa kuzungumza na wenzao. Wazee waliita jambo hilo ukwangala, yaani kukaa na watu vizuri na kufurahia mazungumzo yao. Mtaalamu mmoja, Monica Wilson, alikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mume wake Godfrey. Aliona kwamba ukwangala ulihesabiwa kuwa jambo kubwa sana katika maisha ya watu wa hapa.

Sasa, vijiji vile vya rika havipo tena. Ng'ombe wamepungua, shule imechukua mchana wa mtoto, na nyumba tunalala pamoja. Hilo si baya. Lakini angalieni: katika utaratibu ule wa zamani haikuwa kazi ya baba kukaa na kijana wake na kuzungumza naye. Kazi hiyo ilikuwa ya wenzake. Baba alikaa mbali, akaheshimiwa. Leo wenzake wapo wapi? Wapo stendi, wanasubiri abiria wa bodaboda. Wengine wapo kwenye kibanda cha video. Baba naye bado amekaa mbali, kama babu yake alivyokaa. Kijana yumo katikati, hana wa kuzungumza naye ila simu.

Kwa hiyo msishangae mkiona ni vigumu. Hakuna aliyetufundisha. Tunaanza kazi mpya.

Iko na aibu nyingine, hii ni yetu sisi wa kisomo. Mama amejifunza kusoma akiwa na watoto watano. Binti yake sasa anasoma fizikia. Mama anaona, nitamwambia nini huyu? Ndipo anapomwambia tu "Kalete maji", "Kapike". Jamani, hapo ndipo mahali pa kuanzia. Mnaposhika shughuli moja ambayo yeye anajua nusu na wewe unajua nusu, aibu huondoka yenyewe.

Nitoe mfano wa kopo. Tafuta kopo ambalo pande zake zimenyooka, mdomo na kitako sawa. Liweke mahali pa wazi, mbali na migomba na paa, likae imara lisianguke. Kila asubuhi saa moja, ninyi wawili mwende kulitazama. Kijana atumbukize rula, asome milimita. Kama rula yake haianzii sifuri mwishoni kabisa, ajumlishe ile sehemu iliyozidi. Aandike katika daftari tarehe na kiasi. Halafu mwage maji, mrudishe kopo. Kazi yote ni dakika tano.

Mtasema, ni mchezo wa watoto. Haya, tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Tuseme paa lako la bati limefunika eneo la mita nane kwa mita tano. Hizo ni mita za mraba 40. Usiku mmoja zikinyesha milimita 25, paa hilo limepokea lita 1,000. Ni mapipa matano ya lita 200! Na binti amekwenda mtoni na ndoo asubuhi hiyo hiyo. Hata kama mengine yatapotea njiani, mfereji wa bati na pipa moja vingemwokolea safari ngapi? Mwache kijana aifanye hesabu hiyo mwenyewe, kwa paa lenu wenyewe. Wewe ndiye utakayemwambia kwa nini mwaka fulani maharage yalioza shambani, kwa sababu unakumbuka mvua ile. Yeye ana rula, wewe una kumbukumbu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi hata theluthi moja ya hizo. Sisi tuna mali ya kupima.

Shughuli ya pili hufaa jioni, wakati wa baridi ya mwezi wa sita, watu wakiota moto. Ni daftari la ukoo. Kijana aandike, wewe na bibi yake mseme. Majina ya mababu, walitoka bonde gani, nani alikwenda kufanya kazi migodini kusini na nani hakurudi. Mlima huu unaitwaje, mti ule unatibu nini. Msianze na majina tu, kijana atasinzia. Anzeni na habari yenye moto ndani yake. Kwa mfano Mlima Kyejo. Masimulizi ya wazee yanasema mlima ule ulitoa moto, na kwa kuyafuata wataalamu wanakadiria kuwa ilikuwa yapata miaka 200 iliyopita. Hakuna aliyeandika siku ile. Midomo ya wazee ndiyo iliyotunza habari.

Tena kuna habari ya kipunji. Hii napenda kila kijana wa Rungwe aijue. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wakizungumza na wanavijiji na wawindaji wanaozunguka Mlima Rungwe. Wakatajiwa kima mmoja mwenye haya, anayeitwa kipunji. Mwanzoni haikuwa wazi kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Wakaingia msituni, mwaka huo huo wakamwona. Ana manyoya ya kahawia, na nywele za kichwani zimesimama. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa dunia nzima kwamba ni aina mpya ya kima. Mwaka 2006 wakaona hafanani vya kutosha na kima wengine, akawekwa katika kundi lake peke yake, wakaliita Rungwecebus. Jina la mlima wetu limo humo! Aina mpya kwa wataalamu, lakini wawindaji wa hapa walikuwa wakimjua, na jina lake wanalo. Mwambie kijana habari hiyo halafu umwulize: Bibi yako anajua nini ambacho hakimo katika kitabu chako? Utaona atakavyochukua kalamu.

Juu ya simu nitasema kidogo. Badala ya kugombana kila siku, mwombe akufundishe. Akuonyeshe jinsi ya kusoma ujumbe wa pesa, salio limebaki kiasi gani, na jinsi ya kuutambua ule ujumbe wa matapeli unaosema "Ile pesa itume kwenye namba hii." Wengi wenu mnasoma sasa, lakini bado mnampa mtu wa dukani simu awasomee. Jifunze kwa mwanao. Namba ya siri tu, usimwambie hata yeye.

Sasa nije kwenye kutembea. Wageni hutoka Ulaya kuja kuiona Rungwe, na mtoto wa hapa amemaliza kidato cha nne hajaona Daraja la Mungu. Daraja hilo halikujengwa na mtu. Uji wa moto wa volkano uliganda na kuwa mwamba juu ya Mto Kiwira, na maji yanapita chini yake. Liko pia lile Kijungu, mahali mto huo huo unapojitosa katika shimo la mwamba kama chungu. Walio upande wa Masoko wana ziwa lao la Kisiba, ambalo ni shimo la volkano lililojaa maji. Kando yake Wajerumani walikuwa na kambi ya askari mpaka Waingereza walipowafukuza mwaka 1916, na sarafu za Kijerumani zimewahi kuokotwa hapo. Wataalamu walikuja wakachimbua matope ya chini ya ziwa hilo, wakayasoma tabaka kwa tabaka kama kurasa, wakajua mvua na ukame wa miaka maelfu mengi iliyopita. Kijana mwenye kopo lake la mvua ataelewa jambo hilo haraka kuliko mwenzake.

Ile safari moja niliyoisema ni Ngozi. Ni ziwa kubwa ndani ya mlima, lenye urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, na msitu umelizunguka. Mnashuka Isongole, barabara kuu ya Mbeya, mnapanda kwa miguu. Ulizeni kwanza kama kuna ada, maana ni msitu wa hifadhi. Mwende na mtu anayeijua njia, asubuhi mapema kabla ya ukungu. Mkifika ukingoni mtazame kutoka juu, msiteremke majini, kwani ukuta ule ni mkali na unateleza. Na jambo jingine la wilaya yetu: kuna mahali ardhi inatoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayovunwa na kutiwa katika soda. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni, haionekani. Mkiona shimo au bonde dogo lenye wadudu na ndege waliokufa, msiingie wala msiiname hapo. Wapitisheni watoto mbali.

Njiani msihubiri. Nawaomba sana. Mzazi akipata kijana wake peke yake barabarani, mara moja huanza: masomo, pombe, marafiki wabaya. Kijana anahesabu hatua tu afike. Nyamaza. Mle mahindi ya kuchoma. Baada ya saa mbili atasema kitu mwenyewe, nacho pengine kitakuwa kidogo, juu ya mwalimu fulani au rafiki aliyeacha shule. Usimkatize. Wasichana wengi walioacha shule kwa sababu ya mimba walikuwa na jambo la kusema, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kusikiliza bila fimbo.

Na hapo kuna neno ambalo akina baba hawatalipenda. Likizo ya mvulana ipo. Ya msichana iko wapi? Anaamka wa kwanza, maji, kuni, jiko, mtoto mdogo mgongoni, halafu chai. Mkisema "twende Masoko", anakwenda kaka yake. Kopo la mvua lisomwe na binti. Safari aende binti. Siku hiyo mvulana abaki apike mbalaga, hatakufa. Baba kama unaona haya kutembea na binti aliyekwisha kuwa mkubwa, aende mama au shangazi, nawe mpishe kazi zake za nyumbani.

Wengine mtaniambia muda hamna. Sisemi kila siku. Asubuhi dakika tano za kopo, jioni mbili kwa wiki za daftari la ukoo, na matembezi mara moja katika likizo nzima.

Kopo mtalipata jikoni. Daftari hata lililobaki nusu linatosha. Mwenye kukosa rula aje kituoni, zipo. Shule zikifunguliwa, leteni madaftari yenu ya mvua, mje na vijana wenyewe. Tutayaweka mezani pamoja, ya Masoko kule chini na ya Isongole kule juu, tuone nani alinyeshewa zaidi.