Ngoma, Wimbo na Mchezo ni Sauti ya Maisha Yetu

(Hotuba kwa vikundi vya kwaya na maigizo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya ngoma, muziki na mchezo wa kuigiza, na jinsi mambo haya yanavyohusiana na maisha ya kila siku. Huenda mtu akauliza: watu wanapohangaika kutafuta unga, karo na haki, nafasi ya kucheza ngoma iko wapi? Sisi twasema kwamba wazee wetu hawakuitenga ngoma na maisha hata kidogo. Mtoto alipozaliwa alipokewa kwa vigelegele. Jembe liliinuliwa kwa wimbo. Na marehemu alisindikizwa kwa wimbo. Hata mchoyo na mwonevu walijikuta wametungiwa wimbo kabla hawajaitwa barazani. Wimbo ulikuwa hakimu wa wanyonge.

Wenye mamlaka walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku wimbo wa Muthirigu katika nchi ya Wakikuyu, kwa kuwa uliwakejeli wamisheni, machifu na maafisa wake. Mtu hapigi marufuku kitu kisicho na nguvu.

Lakini funzo kubwa kuliko yote tunalipata Kamirithu, kijiji kilicho karibu na Limuru, penye mashamba ya chai na kiwanda cha viatu. Huko wanakijiji walianza na darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Walipokwisha kuzijua herufi, wakataka kuyasema maisha yao wenyewe. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakaandika rasimu ya mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nitakapo. Ni kisa cha kibarua Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu tu na hati ya shamba aliyoitundika ukutani. Tajiri anayejiita mcha Mungu anamshawishi yeye na mkewe wafunge ndoa ya kanisani. Wanakopa benki kwa kuiweka rehani ile hati. Mwishowe shamba linawaponyoka. Sisi watu wa kanisa tukisikilize kisa hiki kwa makini. Hakikuitukana imani. Kilimshtaki yule anayelitumia jina la Mungu kumnyang'anya jirani yake.

Tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Mazoezi yalifanywa hadharani, Jumamosi na Jumapili alasiri, ili yasigongane na kazi wala ibada. Kila apitaye aliweza kusimama na kukosoa. Wazee waliwasahihisha waandishi: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa wake namna ile. Bibi mmoja wa kijijini, asiyejua kusoma, ndiye aliyewafundisha mpangilio wa gitiiro, ngoma ya majibizano ya arusi. Vibarua walijadili mishahara yao wenyewe, maana ndiyo iliyokuwa ikitajwa mchezoni. Wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walifurika, wengine wakitoka mbali. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Wanakijiji hawakunyamaza. Walitayarisha mchezo mwingine wa nyimbo, Maitu Njugira, nao ukanyimwa nafasi; na tarehe 12 Machi 1982 polisi wakaja wakaubomoa ule ukumbi. Mbao na mianzi vilionekana kuwa adui wa serikali! Lakini kilichojengwa mioyoni hakikubomoka.

Mnamo 1990 kanda za nyimbo zilizoomboleza ubomoaji wa vibanda vya Muoroto jijini Nairobi zilipigwa ndani ya matatu na kuuzwa mitaani, na polisi wakazisaka. Mnamo 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakifunga na kuimba. Walipigwa mnamo tarehe 3 Machi, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, na huko wakakaa muda wa karibu mwaka mzima, wakiimba. Na mnamo Aprili 2025, katika tamasha la maigizo la shule kule Nakuru, wasichana wa Butere waliokuwa wamezuiwa mara kadhaa kuuonyesha mchezo wao waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani. Tangu 1930 hadi leo tabia ya wakubwa haijabadilika sana. Wala ujasiri wa wanyonge haujakauka.

Basi tujiulize wenyewe. Kwaya zetu mara ngapi zimeitwa kumpamba mgeni mheshimiwa, zikapewa bahasha, zikaimba sifa ambazo hakuna mwanakwaya anayeziamini? Wimbo wa namna hiyo ni kodi tunayotozwa kwa koo zetu. Mwenye kuimba sifa za uongo asubuhi hana sauti ya kuudai ukweli jioni.

Twawasihi hivi. Kila kikundi kianze na maisha, ndipo kiende jukwaani. Ketini na wachuuzi wa soko, vibarua, wajane waliodhulumiwa mashamba, muwasikilize kabla ya kuandika neno. Fanyeni mazoezi mahali pa wazi ili jamii iwasahihishe. Tumieni lugha na ngoma za mahali penu. Msiwaigize maskini kwa kuwacheka; waiteni waigize wenyewe. Na mchezo ukiisha, msiwaache watu waende zao kimya: ulizeni pamoja, tufanye nini?

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ngoma ya mwonevu imevuma sana. Yetu na ivume kwa ukweli, mkono kwa mkono, kizazi kwa kizazi.