Tangazo Lisilo na Mwenyewe



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa viongozi wa dini katika kuhimiza matangazo ya kampeni yaliyo ya kweli na yenye adabu. Kila uchaguzi unapokaribia, masheikh na maaskofu huketi meza moja, wakatoa tamko la amani na kupigwa picha. Tamko hilo halitoshi. Mwenye kukanya uongo wa wagombea hana budi yeye mwenyewe awe hana upande.

Tutazame yaliyowapata jirani zetu wa Kenya. Katika kampeni za mwaka 2007, mbali na matangazo yaliyolipiwa, vilienea vikaratasi visivyo na jina la mwandishi, ujumbe wa simu za mkononi, na maneno ya chuki katika baadhi ya redio za lugha za makabila. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomewa humo humo.

Viongozi wa dini walikuwa wapi? Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya lilijibu lenyewe Februari 2008: likakiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameelemea pande, na kwa hiyo walishindwa kuyakabili maovu yale. Ni ungamo zito, nami nawaheshimu kwa kulitoa. Lakini lilikuja makaburi yakiwa yamekwisha chimbwa.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa jimbo walihutubia mkutano mmoja, huyu kwa alama ya jembe, yule ya nyumba, nao walikatazwa kutumia kabila, rangi au dini. Kumzulia mtu aliyeketi hatua tatu kutoka kwako, naye anangoja zamu ya kusema, si kazi rahisi. Sisemi turudi huko. Vyama vingi vilirejeshwa mwaka 1992, na tangazo sasa husafiri peke yake, pasipo mtu wa kulijibu. Ndiyo maana yafaa mwenyewe ajulikane. Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliwataka wagombea wa vyeo vya taifa watamke kwa sauti zao, redioni na katika televisheni, kwamba wameliidhinisha tangazo lao. Matusi hayakukoma, ila angalau yalipata baba.

Ninaloliomba kwa viongozi wetu wa dini ni dogo, lakini gumu. Wakatae kusoma au kubandika katika nyumba ya ibada tangazo lolote lisilo na jina la mwenyewe. Mgombea wa dini yao akisema uongo, wao wawe wa kwanza kumkanya, kabla ya wale wa dini nyingine. Na akileta mabati ya paa wiki mbili kabla ya kura, wajue kuwa hilo nalo ni tangazo.

Nanyi walimu ndio mnaoulizwa kijijini, "Mwalimu, karatasi hii yasemaje?" Msomeeni mzee yaliyoandikwa, kisha mwonyesheni mahali jina la mwandishi lilipopaswa kuwa.